Ukifika getini, saa imeshaanza

Haya ni maneno niliyowaambia wapakuzi na wafanyakazi wa maghala mjini Tororo, Uganda. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza pale nilipojirudia.

Wazee wangu, akina mama, ndugu na dada zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaunganisha hapa. Mkisinzia sitaona vibaya.

Kabla sijasema lolote naomba mikono. Nani kati yetu, wiki hii, amefika kazini akaambiwa arudi nyumbani? Inueni, nyapara hayumo. Eeh. Mama pale nyuma ameinua yote miwili. Haya, shusheni. Na nani ameitwa kwa simu usiku, akaenda, akafanya saa moja tu, akalipwa hiyo saa moja? Wachache, lakini mpo.

Leo naongea juu ya hiyo mikono: mtu aliyefika kazini akarudishwa, au akapewa saa moja tu, alipwe nini.

Nitasema Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha tunayofukuziwa. Nyumbani huyu anasema Kidhopadhola, yule Kiteso, mwingine Kisamia au Kigwere. Getini wote tunaambiwa kwa lugha moja: "Leo hakuna kazi, rudini kesho." Maneno matano, na sijaona mtu akiomba atafsiriwe.

Mimi mwenyewe nilianza kibarua nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kwenye ghala moja upande wa Malaba, mpakani na Kenya. Geti lilikuwa la mabati ya buluu, na katikati yake walikata kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Nyapara hakufungua geti. Alifungua kidirisha, na kwa kuwa alikuwa mrefu, sisi tuliona mdomo na kidevu tu. Tukajifunza kusoma kidevu. Kikiwa na ndevu za jana, bwana amelala ghalani, malori yaliingia usiku, kazi ipo. Kikiwa kimenyolewa kinang'aa, ametoka kwake, hakuna lori. Hadi leo nikikutana asubuhi na mtu aliyenyoa vizuri, moyo unanishtuka.

Siku moja tulikuwa kama thelathini. Kidevu kilikuwa kimenyolewa, ila hakikusema rudini. Kilisema, "Ngojeni, lori la mchele liko forodhani." Tukangoja. Mama wa chai akapita na birika, nikanywa kikombe na mandazi mawili kwa mkopo, maana mtu anayengoja kazi huwa anajiona kama pesa anayo tayari. Saa nne asubuhi kidirisha kikafunguka: rudini kesho. Nikatembea kurudi nyumbani. Saa kumi na mbili jioni mtoto wa baiskeli akaja mbio, lori limefika, unaitwa. Nikarudi. Tulipakua kwa saa moja na nusu, kisha tukaambiwa magunia yaliyobaki yanaendelea Mbale, hayashuki hapa. Nikalipwa saa moja na nusu. Siku hiyo nilitembea njia ileile mara nne na nikakaa nje ya geti asubuhi nzima. Deni la mandazi nililipa Ijumaa.

Sisemi aliniibia. Kwa hesabu yake alilipa kila dakika niliyobeba gunia. Ninachouliza ni zile dakika nyingine zilikuwa za nani. Zangu hazikuwa. Sikuweza kwenda shambani, sikuweza kukubali kazi ya jirani, hata kivuli cha mwembe pale nje ya geti sikuweza kukiacha, kwa sababu ukiondoka jina lako linarukwa.

Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo. Huko pwani mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba leo ana kazi, na jina la karatasi likamhamia mtu. Ndiyo maana mpaka sasa mtu akiachishwa tunasema kibarua kimeota nyasi. Lakini yule wa zamani alikuwa na kitu mkononi. Sisi tunakwenda getini mikono mitupu, tunabahatisha kidevu.

Na shida hii haikuzaliwa Malaba. Mwaka 1889, kwenye bandari ya London, wapakuzi walikuwa wakisukumana getini kila asubuhi kama sisi, na aliyechaguliwa aliweza kufanya saa moja au mbili akaachiliwa aende zake. Agosti mwaka huo wakagoma. Wanaoukumbuka mgomo ule husimulia juu ya peni sita: walikuwa wakilipwa peni tano kwa saa, wakadai sita, wakazipata. Lipo dai lingine lisilosimuliwa sana, nami ndilo ninalolipenda zaidi: mtu asichukuliwe kazini kwa muda unaopungua saa nne. Walishaelewa kwamba ukipandishiwa malipo ya saa, halafu ukapewa saa moja tu ya kufanya, hujapandishiwa kitu. Watu wa Australia, mwisho kabisa wa dunia, waliwachangia kama pauni 30,000 ili wasife njaa wakati wa mgomo. Sisi hapa kuchangia soda ya mkutano ni vita. Tuyaache hayo.

Nikisema saa nne, sina maana ya saa nne asubuhi, ile ya kidirisha. Ni muda. Vijana wa hapa husema masaa manne, nami leo nitasema hivyohivyo tusije tukachanganyikiwa, na walimu wa Kiswahili watanisamehe.

Katika jimbo la California, Marekani, kanuni yao inakwenda hivi. Ukifika kazini kama ulivyopangiwa, ukakosa kazi au ukapewa chini ya nusu ya zamu yako, unalipwa nusu ya zamu. Nusu hiyo haishuki chini ya masaa mawili, wala haipandi juu ya masaa manne. Zamu yako ni ya masaa sita? Unalipwa matatu. Ni ya masaa matatu? Nusu yake ni saa moja na nusu, kwa hiyo unapandishwa hadi mawili. Na ukiitwa mara ya pili siku hiyohiyo, ukapewa kazi isiyofika masaa mawili, unalipwa mawili kamili. Hiki kifungu cha mwisho ningekibusu jioni ile ya lori la mchele.

Sheria kuu ya ujira ya Marekani nzima, ya mwaka 1938, haisemi kitu juu ya jambo hili. Ni majimbo yaliyojiamulia, kwa hiyo haki ya mtu inabadilika akivuka mpaka, kama sisi tukivuka daraja la Malaba. New York ni masaa manne, au masaa ya zamu yako kama ni pungufu ya hapo, yakihesabiwa kwa kima cha chini cha ujira. Massachusetts ni matatu. New Jersey ni saa moja tu, yaani ya kukupangusa machozi. Kanada, jimbo la Ontario, ni matatu.

Kuna mtu atasema hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Afrika Kusini, Januari 2019, walipoanzisha kima cha chini cha taifa cha randi 20 kwa saa, waliingiza pia kifungu kwenye sheria yao ya masharti ya kazi: mfanyakazi wa kipato cha chini akifanya kazi chini ya masaa manne siku hiyo, analipwa masaa manne. Masaa yaleyale ya London, miaka 130 baadaye, kwa wafagiaji na wafanyakazi wa majumbani wa Soweto.

Tuhesabu kwa shilingi zetu. Tuseme unalipwa 1,500 kwa saa, zamu ya masaa manane, siku ikitimia ni 12,000. Boda ya kwenda 2,000, ya kurudi 2,000. Chai na chapati 1,500. Jumla umetoa 5,500. Sasa umefanya masaa mawili, umerudishwa, umepewa 3,000. Umekwenda kazini ukapata hasara ya 2,500. Jirani yako aliyelala mpaka saa tatu akiota jua amekushinda kwa hesabu. Kwa kanuni ya masaa manne ungepewa 6,000, ukabaki na 500. Mia tano! Nimeitaja kwa makusudi, ili asitokee mtu wa kusema tunataka kutajirika kwa kukaa. Masaa manne yanakufikisha nyumbani bila deni, na kiberiti mkononi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapoweza kudanganywa na sheria nzuri. Ile kanuni ya California ina milango ya kutokea. Tajiri halipi kama kazi imesimama kwa sababu ya hatari kwa wafanyakazi au mali, au kama huduma za umma zimekatika, yaani umeme, maji au gesi, au kama ni jambo la Mungu lililo nje ya uwezo wake. Huko kwao mlango huo ni mwembamba. Uleteni hapa, mtauona unavyopanuka. Kwetu umeme ukikatika hata kuku hawashtuki. Ninyi wa viwandani mnajua ni mara ngapi mmerudishwa kwa sababu ya umeme. Tukinakili kifungu hicho neno kwa neno, tutakuwa tumeandika haki juu ya ukurasa na kuifuta chini ya ukurasa huohuo.

Maoni yangu, na mnaweza kunipinga tukimaliza: udhuru ubaki kwa yale yasiyotarajiwa kweli. Tetemeko la ardhi, sawa. Daraja limesombwa, sawa. Lakini tajiri aliyejenga kiwanda Uganda alijua umeme unakatika kabla hajanunua saruji ya msingi. Akiwa na jenereta uani, na jenereta haina dizeli, hilo si jambo la Mungu, ni jambo la mhasibu. Na mvua ya Aprili hapa Tororo naiweka kundi hilohilo.

Nimewahi kukaa na matajiri wawili watatu tukazungumza jambo hili. Si watu wabaya. Mmoja aliniuliza, "Mzee, lori likikwama njiani kutoka Mombasa, kosa langu mimi ni lipi?" Swali la haki. Nikamwambia kosa si lako, lakini habari ulikuwa nayo. Dereva alikupigia jana saa kumi na moja jioni akiwa kwenye foleni. Wewe ulijua usiku kucha, na watu thelathini hawakujua, wakapanda boda alfajiri kuja kusikia kwako jambo la jana. Alinyamaza. Kisha akasema, "Nikiwaambia wasije, na lori likafika ghafla, nitawapata wapi?"

Hapo ndipo penyewe. Anatuweka getini kama akiba. Na akiba ya watu ni kama akiba ya mchele: kuiweka kuna gharama, kuna panya, kuna kodi ya ghala. Tofauti ni kwamba kodi ya mchele analipa yeye, na kodi yetu tunalipa sisi kwa boda na chapati.

Nyingi ya sheria hizi, ukizisoma taratibu, hazimtozi tajiri kwa kukosa kazi. Zinamtoza kwa kukaa kimya. Akikwambia mapema, kabla hujatoka nyumbani, kesho usije, kwa kawaida hadaiwi kitu. Tumieni hesabu yetu ileile: masaa manne ya watu thelathini ni 180,000. Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp ni shilingi ngapi? Mwambieni tajiri yeyote kwamba kunyamaza kwake kuna bei ya 180,000 kila asubuhi, muone kama hatajifunza kuandika ujumbe. Leo kunyamaza ni bure, ndiyo maana kidirisha kinafunguka saa nne.

Lakini na simu ina ujanja wake, msije mkafurahi upesi. Huko California kulikuwa na wafanyakazi wa duka walioagizwa wapige simu masaa mawili kabla ya zamu, waulize kama wanahitajika. Wakiambiwa hapana, hawaji na hawalipwi. Mwajiri akasema, hawakufika, nitalipaje asiyefika? Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kupiga ile simu ndiko kufika kwenyewe. Hoja yake ni kwamba mtu amefungwa: hawezi kuchukua kazi nyingine, hajui kama atafute wa kumwachia mtoto, hawezi kupanga masomo yake. Mwajiri amehamisha geti, akaliweka ndani ya nyumba ya mfanyakazi. Maneno hayo ya geti ni yangu, mahakama haikuyasema, lakini niliposoma hukumu ile niliuona ule mwembe. Kwa hiyo tukidai taarifa, tudai ya jioni. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri, wakati maji ya kuoga yako jikoni, huo si taarifa.

Na hapa kwetu, sheria inasemaje?

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2006 inajua sana siku ndefu. Inasema wiki ni masaa 48. Inasema kazi ya ziada ilipwe mara moja na nusu siku ya kawaida, na mara mbili sikukuu. Siku fupi haijui. Hakuna kifungu kinachosema ukifika ukarudishwa ulipwe masaa mangapi. Kima cha chini chenyewe kiliwekwa mara ya mwisho mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, tena za kabla ya 1987 tulipofuta sifuri mbili. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini, Rais akakataa kuusaini. Mnayajua hayo, siyarudii.

Lakini ndani ya ile sheria ya ajira mna kifungu ambacho watu wengi wanakipita. Katika toleo la 2006 ni cha 40. Kinasema mwajiri ampe mfanyakazi kazi kulingana na mkataba, kwa idadi ya siku ambazo mkataba umetaja au umeashiria. Umeashiria, sikieni neno hilo. Mkataba usioandikwa nao unaashiria. Kama kila wiki, kwa miezi, umekuwa ukifanya siku sita, mtu anaweza kusimama mbele ya afisa wa kazi wa wilaya na kuuliza ile siku ya sita imekwenda wapi. Vitabu vya sheria vimepangwa upya namba zake tangu 2024, kwa hiyo mkifika ofisini tajeni maneno, msibishane juu ya namba.

Jibu la tajiri litakuwa moja: "Hawa ni vibarua tu, hawana mkataba." Mjibuni kwa kanuni za ajira za mwaka 2011. Mtu hawezi kuwekwa kibarua zaidi ya miezi minne. Akifanya miezi minne mfululizo, anastahili mkataba wa maandishi na jina la kibarua linamtoka. Nikiuliza hapa nani amemaliza miezi minne, mikono itakuwa mingi kuliko ile ya mwanzo. Siulizi, tutachelewa.

Wala hatuna haja ya kungoja Bunge ili tupate masaa manne. Katiba yetu, na kwa bahati ni kifungu cha 40 tena, inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. London mwaka 1889 hawakuanza na bunge. Walikaa mezani na wenye bandari. Tukikaa mezani na mwenye ghala, mambo ni mawili: taarifa ya jioni, na masaa manne kwa aliyefika bila kuambiwa. Akituambia manne ni mengi, tutaanza na matatu ya Ontario. Chini ya hapo boda inatumeza.

Shida yetu kubwa mezani itakuwa ushahidi. Nimeona kesi ya haki ikifa kwa afisa wa kazi kwa sababu mtu anasema, "Wananirudisha kila mara." Kila mara ni lini? Hajui. Tajiri ana kitabu cha mahudhurio, na ndani yake siku uliyorudishwa haimo, kwa kuwa kwake hukuja. Siku hizo zinaishi kichwani mwako tu, na kichwani zinachanganyika.

Kwa hiyo nimenunua madaftari, haya madogo ya kurasa 32. Hayatoshi wote, wa ghala moja watashirikiana. Mstari mmoja kwa siku: tarehe, ulifika saa ngapi, uliondoka saa ngapi, ulilipwa nini, walisema sababu gani, na jina la mwenzako mmoja aliyekuwepo. Asiyeandika amwambie mtoto wa shule amwandikie jioni.

Mama uliyeinua mikono miwili, njoo mbele uanze wewe. Mpisheni. Siku ya kwanza ilikuwa lini? Jumanne. Ulifika saa ngapi? Saa moja kasoro robo. Wakakurudisha? Tatu na nusu. Walilipa? Hawakulipa. Nani alikuwepo? Dada yako huyu, vizuri, aandikwe. Na sababu walisema ni nini?

Hawakusema.

Basi andika hivyohivyo, mama. Sababu: hawakusema. Sasa tuambie ya Alhamisi.